Kwa Nini Mzee Leodgar Alikuwa Anarudi Kesho Yake

Tarehe 30 Juni 1996 Mzee Leodgar Silvesta anastaafu kazi katika karakana yetu ya umeme hapa Kawajense. Barua ya ofisi inasema ametumika miaka ishirini na tatu. Mwenyewe anasema ishirini na nne, kwa sababu mwaka wa kwanza alifanya kazi kabla hajaandikishwa. Tumebishana wiki nzima, hatukufika popote, ndiyo maana kwenye ratiba ya leo mmeona tumeandika zote mbili.

Wasiomjua wajue kwamba kibano cha waya tunachotumia hapa alikibuni yeye. Alipoanza kazi, mafundi walikuwa wanasokota waya wa shaba na waya wa alumini pamoja, wanazungushia utepe, basi. Haipiti miezi mingi, pale panaungua. Mzee hakupenda. Akachukua tupa, akachonga vipande viwili vya chuma vyenye mifereji, kila waya na mfereji wake ili zisigusane. Katikati akatia bolti, na chini ya nati akaweka washa yenye mgongo, kile kisahani chenye tundu, aliyoikata kwenye msumeno uliochakaa. Cha kwanza kilikuwa kikubwa kama kiatu cha mtoto, wenzake wakamwuliza mguu wa pili uko wapi. Alikipunguza mara saba.

Hakuwahi kukichora kwenye karatasi. Sisi wa meza ya vibano tulikuwa tunaweka cha kwake mbele yetu na kukiiga, mfereji kwa mfereji. Tunatengeneza sisi, kwenda kufunga anakwenda mwenyewe.

Alikuwa na tabia moja ambayo hatukuielewa. Akifunga kibano leo, kesho yake anachukua baiskeli anarudi palepale. Awe amefunga Majengo au Magamba, lazima arudi. Ukimwuliza anakwenda wapi, anajibu anakwenda kuwasalimia. Kwa kuwa kila nyumba ilimkaribisha chai, tukampa jina la Mzee Chai. Alicheka tu, hakukataa.

Mwezi wa nne mwaka huu alikwenda likizo yake ya mwisho, na kazi ya zahanati ya njia ya Magamba ikatuangukia sisi. Ni waya wa kutoka kibanda cha jenereta hadi chumba cha akina mama kujifungulia. Mimi Jeannine wangu nilimzalia humo, kwa hiyo nilichonga vile vibano kwa moyo wote. Mwenzangu Onesphore, fundi wa kuchomelea, alivifunga akakaza mpaka jasho likamtoka.

Wiki ya pili taa ikaanza kupepesa, na harufu ya kuungua ikatoka ukutani. Tukafungua, tukalinganisha na cha Mzee. Kila kitu sawasawa. Tukafunga vipya, vikaungua vilevile. Onesphore akashika kichwa: "Mama Jeannine, hiki chuma kimelogwa." Nilikuwa nawaza tu mwezi wa sita unakuja, Mzee anaondoka, na mama mwingine atalala pale kwenye kiza kwa sababu ya mikono yangu.

Siku hiyo nesi Hilaria alitutazama tunavyokusanya vyombo vyetu, akauliza, "Nyie mbona huwa hamji kunywa chai?"

"Chai gani tena?" nikamwuliza.

"Mzee wenu akifunga leo, kesho nampikia chai. Jenereta likizimwa anapanda na spana, anazungusha kidogo, anashuka, anakunywa. Nyie mnafunga, mnapotea."

Tulikwenda moja kwa moja nyumbani kwake. Mzee alitushangaa kuliko tulivyomshangaa. Alisema alumini ni laini, ukiibana leo usiku inajilaza, asubuhi nati imelegea, na palipolegea ndipo panapopata moto. Lazima uirudie kesho yake, uikaze tena.

"Kumbe hamkujua? Miaka yote mlidhani nafuata chai?"

"Ndiyo, Mzee," Onesphore akasema.

Tulifunga vibano vipya. Kesho yake Hilaria alinipokea Jeannine niliyekuwa nimembeba mgongoni, jenereta likazimwa, nikapanda ngazi mwenyewe. Nati niliyoiona jana imekaza kama jiwe ilizunguka nusu duara nzima, hivihivi. Nikaikaza tena, nikashuka. Leo ni wiki ya tisa, taa imetulia, na watoto sita wamezaliwa chini yake.

Mzee Leodgar, tunakushukuru kwa miaka ishirini na tatu, na kwa ule mmoja wako pia. Bado tuna mengi hatujayaelewa. Kwa nini washa ikae mgongo juu na si chini, hatujui, ila tunaiweka hivyohivyo. Basi nenda ukapumzike, shamba likupe, mwili uwe na nguvu, wajukuu wakuzunguke. Siku ukipita njia ya Magamba, ingia kwa Hilaria. Spana iache nyumbani, tutakuwa tumeshapanda. Safari hii ufuate chai kweli.

Odeta, Mama Jeannine
Meza ya vibano