Benchi la Sindano la Fuatino

Ndugu waombolezaji, kabla ya yote nimeagizwa kusoma tangazo lenye kichwa "Utaratibu wa Muda wa Kuegesha Magari katika Uwanja wa Kriketi wa Kamati ya Wanawake", ambalo kwa kurasa mbili linasema msiegeshe, nami nimelisoma, naona magari hayajalisikia, basi tuendelee.

Marehemu Fuatino Seumalo, binti wa dada yangu, alizaliwa tarehe 9 Mei 1994 katika kijiji hiki, hapa kisiwani Savai'i, akasoma shule ya mchungaji, kisha shule ya wilaya, ambako mwezi Juni 2008, akiwa na miaka kumi na minne, viungo vilimvimba, homa ikampanda, na daktari akatueleza kwamba ugonjwa ule umeugusa moyo, na kinga yake ni sindano kila baada ya wiki nne, kwa miaka mingi.

Siku ya sindano ya pili alijificha kwenye zizi la nguruwe, na shangazi yake, Sose, mwenyekiti wa Kamati ya Wanawake, akasimama nje akamwita, "Toka huko, mama, hata nguruwe wameshakuchoka," naye akajibu kwamba atatoka iwapo shangazi atachomwa kwanza, wakaenda wameshikana mikono, wakibishana njia nzima. Hivyo ndivyo ilivyokuwa hadi mwaka 2011, Sose alipofariki, na hapo wengi wetu tulijua binti ataacha, na akiacha moyo utamalizika.

Lakini mwezi uliofuata Fuatino alipita nyumba kwa nyumba akiwakusanya watoto wenye ugonjwa huo, akawapanga kwenye benchi la zahanati, kila mmoja akimshika mwenzake, na lilikuwa benchi la kelele, hata kijana mmoja mnene wa raga alipofumba macho wakamwambia, "Wewe unayeangusha watu uwanjani, mbona unararua sketi ya dada?" naye akasema anaishikilia isipeperuke.

Mwaka 2013 alikuja afisa wa "Tathmini ya Ustahimilivu wa Kisaikolojia kwa Vijana Walio katika Kipindi cha Mpito", akamuuliza kama akipatwa na shida anajimudu peke yake, Fuatino akamuuliza, "Peke yangu kwa nini, kwani wenzangu wameenda wapi?" na kwa jibu hilo akapewa alama ya chini kabisa wilayani, alama ambayo benchi zima liliisherehekea kwa mikate ya nazi.

Tangu 2015 aliajiriwa katika duka la mikate karibu na gati, tarehe 4 Novemba 2017 akaolewa na Pesamino, na kwa kuwa madaktari walimkataza kubeba mimba, mdogo wake alimpa mtoto wake, Mareta, amlee, kama tunavyopeana watoto hapa kwetu, na mtoto huyo, ambaye sasa ana miaka minne, ndiye mwanawe.

Mwaka jana pumzi ilianza kumkatika, upasuaji wa moyo ukapangwa ng'ambo, ukaahirishwa, ukapangwa tena, yeye akasema amechoka, si kwa kulalamika, ni kwa kutoa taarifa, na wale wa benchi, ambao sasa ni watu wazima wenye ndevu na watoto, wakapokezana kumshika mkono wodini, hadi Alhamisi tarehe 3 Agosti 2023, saa tisa alasiri, alipofariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani kwa mikeka na vyakula, wenzake wa dukani waliooka tangu jana bila kulala, na Kamati ya Wanawake, pamoja na uwanja wake.

Lala, Fuatino, leo si siku ya sindano. Salamu za rambirambi kutoka ofisi ya wilaya zinasema kwamba hukujua woga. Uliogopa, sindano ya kwanza hadi ya mwisho, na ulikwenda.