Mzee Machibya na Jibu la Pili

Kabla sijaandika ninayopaswa kuandika, kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, si nyumbani wala hapa ofisini. Miaka miwili iliyopita nilimsomea mama yangu habari kutoka gazeti letu la Ghuba, na habari hiyo haikuwemo gazetini. Ukurasa nilioushika ulikuwa na tangazo la betri. Mzee Machibya anahusika ingawa hajui, na sioni namna ya kuandika wasifu wake nikaliruka hilo.

Mzee Machibya Chenge anastaafu tarehe 30 Juni 1996, baada ya kulitumikia gazeti la Ghuba kwa miaka ishirini na minane. Dada Fadhila wa mapokezi ndiye aliyenipa kazi ya kumwandikia katika jarida letu hili la wafanyakazi. Alisema, "Rebeka, wewe kuongea huwezi, basi andika." Watu walicheka, nami nikacheka kidogo.

Mzee aliajiriwa mwaka 1968 akiwa mpanga herufi kwenye chumba cha uchapaji. Miaka michache baadaye alipewa safu ya "Wananchi Wasemavyo", naye hakuiacha tena. Kazi yake ilikuwa kuwaendea watu, kuwauliza wanaionaje sera fulani ya serikali, na kurudi na maneno yao. Ameuliza kuhusu vijiji vya ujamaa, foleni za sukari, vyama vingi, wanunuzi binafsi wa pamba, na wafanyakazi waliopunguzwa viwandani.

Zamani alikuwa akivaa suti ya Kaunda na kubeba mkoba mweusi. Siku moja alivuka ziwa kwenda Sengerema, akatembea hadi kijiji kimoja cha ndani. Wanakijiji walipouona ule mkoba walidhani ni mtoza kodi ya maendeleo, na wanaume wote wakatokomea kwenye majaruba ya mpunga. Alibaki uwanjani na kuku. Tangu siku hiyo hubeba kikapu, daftari likiwa chini ya ndizi.

Wengi wetu tunajua namna yake ya kufanya kazi, maana alitufundisha kila alipotukuta tumekaa bure. Akifika kwenye mji wa mtu hupokea kigoda, huomba maji ya kunywa, huuliza habari za mvua na za ng'ombe. Kisha huuliza swali lake, na jibu linapokuja haliandiki. Hungoja. Anauliza tena baadaye, kwa maneno mengine, na hapo ndipo kalamu hutoka kikapuni.

"Jibu la kwanza ni kigoda tu," alituambia. "Mtu anakukaribisha. Kwetu mgeni hapokelewi kwa malalamiko. Wewe kaa, subiri la pili."

Wakati wa mjadala wa vyama vingi, kikongwe mmoja alimwambia kwanza kwamba chama kilichopo kinatosha. Mzee alikaa. Walipokwisha kula viazi, kikongwe akaongeza, "Kimoja tu kinatuamsha alfajiri kwenda mkutanoni. Vikija kumi, mjukuu wangu, tutalala saa ngapi?" Mzee aliandika yote mawili. Gazeti lilitoa nusu ya kwanza, chini ya kichwa kilichosema wazee wanakipenda chama. Mzee aliikata habari hiyo akaibandika ukutani juu ya meza yake, na bado ipo. Wageni hudhani anajivunia.

Ghuba lilipopata wamiliki wapya, matangazo yaliongezeka na safu yake ikapungua, kutoka ukurasa mzima hadi robo. Robo ukurasa inatosha majibu ya kwanza tu.

Sasa nafika Igoma, ambako ndiko kwetu.

Mwaka 1994 watu walikuwa wakizungumzia utaratibu mpya wa wananchi kuchangia gharama za matibabu. Wiki ile Mzee Machibya alikuwa amelala na malaria, kwa hiyo Igoma alitumwa kaka Abeid na kamera. Simlaumu kaka Abeid. Alikuwa mgeni kazini, na alitakiwa arudi na picha kabla ya adhuhuri. Alimkuta mama yangu, Bi Suzana, akianika dagaa, akamuuliza akiwa amesimama. Mama alifuta mikono, akatabasamu, akasema, "Tutachangia, mwanangu. Serikali nayo haiwezi peke yake." Aliyasema kweli. Ijumaa picha yake ilitoka chini ya maneno: WANANCHI IGOMA WAPOKEA UCHANGIAJI KWA MIKONO MIWILI.

Siku chache baadaye, mjukuu wa jirani yetu Odeta alirudishwa kutoka zahanati kwa sababu bibi yake hakuwa na cha kuchangia. Tulimzika Jumapili. Mama alikwenda msibani na sufuria yake, kama ilivyo desturi, akaingia jikoni na kushika mwiko. Wanawake wakauchukua mkononi mwake. Odeta alisema mbele ya wote, "Mama Rebeka, pumzika. Wewe si ndiye uliyepokea kwa mikono miwili? Mikono yako imejaa."

Mama alirudi nyumbani na sufuria tupu. Asiyepewa kazi msibani, siku yake ikifika nani atampikia? Hakulia. Alianza kuchota maji mchana wa jua kali, saa ambayo wenzake hawapo kisimani.

Mzee Machibya alipopona alisikia habari hiyo, akaja peke yake na kikapu chake. Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo. Nilimwamkia nikiwa nyuma ya pazia, nikamletea maji bila kuinua uso. Baadaye hapa ofisini hakunitambua, na sishangai. Alikaa muda mrefu akisaidia kuchambua mchanga kwenye dagaa. Hatimaye mama alizungumza.

"Nilisema vile kwa sababu mgeni alikuwa mlangoni. Sisi kuchangia tunajua. Harusi tunachangia, msiba tunachangia. Lakini mchango mtu hutoa anapokuwa nacho. Hautozwi mlangoni, mtoto akiwa mgongoni."

Mzee aliandika, akamsomea, akauliza kama ndivyo. Mama akasema ndivyo. Wakati wa kuaga Mzee alisema, "Ijumaa itatoka, mama. Majirani wataisikia."

Haikutoka Ijumaa ile. Kaka Abeid amenisimulia kwamba Mzee aliipeleka kwa mhariri, akaipeleka tena wiki iliyofuata, na iliyofuata tena, na mara ya mwisho alisimama mlangoni mwa mhariri mpaka chai yake ikapoa. Jibu lilikuwa kwamba nafasi haikutosha.

Mimi sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba ilikuwa Ijumaa, gazeti lilikuwa mkononi mwangu, na mama, ambaye macho yake yameshaingia ukungu, ameketi juu ya mkeka akichambua dagaa na kuniuliza, "Imetoka?" Nilitafuta ukurasa kwa ukurasa. Nilitafuta tena. Kisha nikamsomea.

Maneno niliyakumbuka yote, maana nilikuwa nyuma ya pazia yalipotamkwa. Nilipofika kwenye mtoto akiwa mgongoni, mikono ya mama iliacha kuchambua. Aliniomba nirudie, nikarudia. Ukurasa ule aliukunja akauweka sandukuni, kati ya vitenge vyake, na mpaka leo anaamini kwamba amehifadhi maneno yake.

Aliwaeleza majirani, nao wakamwamini kwa sababu hajui kudanganya. Hakuna aliyeomba kuliona gazeti. Jioni moja Odeta alikuja, akakaa, akasema, "Nimesikia gazeti limekuandika vizuri." Walilia pamoja. Msiba uliofuata, mama alipewa mwiko.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikuja kuomba kazi hapa, nikapewa kufungua barua za wasomaji na kupiga chapa. Mwezi huu nilipiga chapa safu ya mwisho ya Mzee. Aliaga Buzuruga, Sengerema, Nyegezi, kila mahali, isipokuwa Igoma. Ofisini huwa tunamtania kwamba anaogopa vumbi la kwetu, kwa sababu kila akipangiwa Igoma huomba apelekwe ng'ambo ya ziwa. Nilijikaza nikamuuliza.

Alivua miwani. "Kule kuna mama mmoja nilimdanganya, binti. Nilimwambia Ijumaa. Miaka yote hii kazini, nikipita Igoma nitamtazamaje?"

Nilitaka kumwambia papo hapo. Sauti haikutoka, kama kawaida yangu. Nikaendelea kupiga chapa, naye akaondoka taratibu na kikapu chake. Jarida hili ndilo sauti niliyo nayo.

Mzee wetu Machibya, shikamoo. Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Ghuba nakushukuru kwa maelfu ya majibu ya pili uliyotuletea, yakiwemo yale tuliyoyanyima nafasi. Tunakuombea afya, mvua za kutosha shambani kwako, na watu wa kukusikiliza mpaka mwisho kama ulivyowasikiliza wengine.

Mimi nina ombi moja langu mwenyewe. Pita Igoma. Mama huuliza yule mzee wa gazeti yuko wapi, amemwekea dagaa wazuri wasio na mchanga. Atakushukuru. Najua maishani mwako hujaacha kosa la gazeti bila kulisahihisha, lakini hili liache. Maneno yalikuwa yake, uliyaandika sawasawa, kilichokosekana ni wino tu. Pokea kigoda, kunywa maji.

Nanyi wenzangu mnaosoma, jarida hili lisitoke nje ya ofisi. Mkimkuta Bi Suzana sokoni Igoma, akawaambia kwamba Ghuba liliwahi kuandika maneno yake yote bila kukata hata moja, mwitikieni tu. Tafadhali, msimwambie.