Asenath Kweyu na Kipimo Kilichovishwa Kitambaa

Ndugu waombolezaji, kabla gari halijaondoka kwenda Chavakali, familia imemchagua Luseno, ndiye mimi, awasomee maisha ya Mama Asenath Kweyu, maana wenye digrii wote wamekaa pale nyuma wanalia, ingawa hata wasingelia angechaguliwa yeye tu.

Mama alizaliwa Chavakali tarehe 14 Aprili 1961, akasoma huko huko hadi darasa la saba mwaka 1975, akaja Nairobi mwaka 1980 kushona katika kiwanda cha nguo, nacho kilipofungwa mwaka 1998 akaingia soko la Kariobangi kuuza vitambaa alivyofuma kwa mkono wake. Alifunga ndoa na Mzee Patrobas tarehe 17 Desemba 1983, wakajaliwa Triza, na mwaka 2003 akamchukua Luseno, mtoto wa marehemu dada yake, akamlea hapa Huruma hadi kidato cha pili, ambapo Luseno aliona shule inamchelewesha, naye Mama akaona kinyume, kwa mwiko.

Mliowahi kuingia kwake mnajua kwamba kila kitu kilivaa kitambaa, redio, runinga, chupa ya chai, hata mtungi wa gesi, kwa hiyo Machi 2023, Nthoki, binti wa kupima hewa, alipofunga kipimo chake kwenye roshani, Mama aliona ni aibu mgeni akae uchi vumbini, akakifumia kitambaa kizito cha safu mbili, akawa anakifua kila Jumamosi.

Tarehe 20 Juni 2024, katika baraza la chifu, tulipolalamikia yadi inayochoma matairi nyuma ya shule ya chekechea, mwenye yadi alisimama akasoma namba za kipimo hicho, akasema, "Huruma hewa ni safi kuliko kwa wakubwa, nyinyi mnakohoa wivu," na Mama akatoka mbio, akapanda ghorofa nne, akarudi na kitambaa cheusi kama sufuria, akasema, "Mwanangu, hewa uliyosoma ni hii, na nilikifua Jumamosi tu, anayeitaka aje aikamue."

Watu walicheka hadi chifu, ila kamati ya mtaa ikaamua kipimo kianze upya, wazi, mwaka mzima, kuanzia tarehe 1 Julai 2024, ndipo yadi ihukumiwe.

Kifua kilimshika Februari 2025, akalazwa mara mbili, kila mara akiuliza habari za kipimo kabla ya habari za Mzee, na tarehe 9 Juni 2025 alituacha, zikiwa zimebaki wiki tatu mwaka wa kipimo uishe, baada ya kumwagiza Luseno kwamba matangani pasiwashwe hata ukuni mmoja, mwenye yadi asije akasema moshi ni wa msiba. Kwa hiyo shangazi mlionung'unika kwamba chai ya gesi haina ladha ya matanga, sasa mmejua, na mkome.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuazima mitungi yao, wafumaji wenzake wa Kariobangi, na Nthoki, ambaye kila asubuhi anapiga simu kuuliza kama kipimo kinapumua.

Sasa geukeni kidogo, mtazame kule nyuma ya chekechea: moshi ule si wetu.

Pumzika kwa amani, Mama, kipimo hakijavaa kitu, na Luseno analala roshani.