Bibi wa Kupumzika

Kwenye basi, muuguzi wa utafiti alijikuta nyuma ya mabibi wawili aliowahudumia wodini. Wote walipasuliwa goti. Kura ya utafiti ikampa mmoja, fundi cherehani, kutembezwa kesho yake, na mwenzake, muuza maua, kupumzika kitandani siku nne, ijulikane nani atapona upesi.

“Mwenzangu, mimi nilitembezwa mpaka nikawachukia,” alisema fundi cherehani. “Wewe uliyelala, mbona umepona kunishinda?”

“Nilale mimi, na roho inaniuma nikikuona unatembea? Muuguzi akigeuka tu, naizunguka wodi nzima nasalimia watu.”

“Umewaharibia utafiti wao!”

“Si nimepona lakini?”

Muuguzi, aliyesumbuliwa miezi mitatu na takwimu zisizoeleweka za utafiti huo, alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka. Basi liliposimama, muuza maua alishuka wa kwanza, mkongojo kaubana kwapani bila kuutumia.

“Ningojee,” mwenzake akapiga kelele, “wewe uliyepumzishwa!”