Alikiri Mbele Yetu Sote

Jirani yangu anadai fundi baiskeli aliiba cherehani, akakiri kwa kinywa chake mwenyewe, kisha hakimu akamwachia kwa hongo. Leo kwenye basi nilikaa nyuma ya mshonaji mwenye cherehani hiyo. Pembeni yake alikaa shangazi wa yule fundi baiskeli, mama wa makamo. Wote walikuwa wametoka mahakamani.

“Alikiri, mama! Mtaa mzima ulisikia.”

“Alikiri kabla ya kipigo au baada?”

Mshonaji akageukia dirisha. “Katikati,” akasema. Angalau hakudanganya.

“Ndiyo maana hakimu kayakataa maneno yale, mwanangu. Na ushahidi mwingine hamkuwa nao.”

“Bora tungewaachia polisi wachunguze. Sasa sijui tulimpiga mwizi au tulimpiga jirani asiye na kosa.”

Nikajifanya nasinzia. Shangazi akamshika mkono. “Wateja wamemkimbia, na mkono wake wa kulia haukazi spana tena. Kesho ukipita pale kibandani kwake, msalimie tu, watu wakuone.”

Basi likasimama kwenye kituo cha mshonaji. Akanyanyuka, akavuta zipu ya mkoba uliokuwa umeshafungwa, akashuka.