Mshonaji wa Mkono wa Kushoto

Mheshimiwa Mkurugenzi, wakuu wa idara, mafundi wa karakana ya sarafu, ndugu na jamaa, na wewe kaka yangu unayestaafu leo huku ukijifanya vumbi limekuingia machoni: hamjambo?

Nimeombwa niseme kwa niaba ya familia, na wanaonijua wanajua sihitaji kuombwa mara mbili.

Ninyi mafundi mnaelewa kwamba mchongaji hukata picha kwenye chuma kinyumenyume, ili sarafu ikigongwa kila kitu kikae sawa. Akisahau, kulia huwa kushoto, na chuma hicho ni cha kutupa. Basi fikirieni kikao kile, sarafu mpya ilipowekwa mezani, maandishi yako sawa, lakini mshonaji aliyechongwa na kaka yangu ameshika sindano kwa mkono wa kushoto! Wakubwa wakawaka. Fundi mzima, kosa la mwanafunzi? Kibarua chake kilikuwa karibu kuota nyasi, naye ana watoto wa kusomesha. Angeomba radhi, yangekwisha. Badala yake akasema, “Sikukosea. Huyo ni dada yangu.”

“Sarafu ya nchi si albamu ya familia yako,” ukamjibu, Mheshimiwa. Usicheke, ulisema.

Kesho yake nikaitwa. Nikaingia chumba cha mikutano na viatu vya kuazima, wote wamenikodolea macho. Ukavua koti, ukanipa. “Kifungo hiki kimelegea. Hebu kishone, mama.” Uzi ukagoma kuingia kwenye sindano. Lakini nikashona, kwa mkono huu huu wa kushoto. Ukakivuta kifungo, ukakivuta tena, ukawaambia wenzako, “Fundi hakukosea. Sarafu ipite.” Ni wakubwa wangapi wangekubali kubadili neno lao mbele ya walio chini yao? Kwa hilo nakuheshimu, ingawa hata chai hukunikaribisha.

Kaka, siku ulipoleta sarafu ya kwanza nyumbani, mama yetu, aliyekuwa akinifunga mkono huu kwa kitambaa nilipokuwa mdogo ili nizoee kula kwa wa kulia, aliigeuza upande wenye mshonaji. Kisha akaniwekea kwenye kiganja cha kushoto, akakifumba kwa mikono yake miwili, akasema, “Mwanangu, nisamehe.”

Kwa siku hiyo, kaka, nakushukuru mbele ya watu hawa wote. Kapumzike. Nanyi nyote, asanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza.