Jihadharini na Siku Nzuri

Jumamosi saa nne asubuhi, fundi wa makochi aliwaita wanawe wawili chumbani kwake. Moyo wake ulikuwa umechoka, na daktari wa zahanati alikuwa ameshawaambia wazi kwamba hautapona. Mkubwa, dereva wa lori, alikaa ukingoni mwa kitanda. Mdogo, binti aliyefanya kazi na baba yake karakanani, alibaki amesimama akiegemea mlango, kwa kuwa asubuhi ile kukaa kulimwuma zaidi kuliko kusimama. Jana yake alikuwa amemwambia kaka yake kwamba karakana ifungwe, mwili wake hauiwezi tena, na kaka alikuwa amekubali haraka mno.

“Sikilizeni, wanangu, na msinikatize, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya safari moja. Mkubwa, ondoa huo uso wa matanga, bado nipo. Nyumba hii ni yenu wote wawili. Anayetaka kuiuza amwombe mwenzake, na mwenzake akatae. Karakana, na fremu zote zilizomo, na ule mkasi mkubwa ambao hamkuruhusiwa kukatia karatasi, ni vya Mdogo. Najua mlichozungumza jana. Ukuta huu ni wa mbao, na kilichochoka kwangu ni moyo, si masikio.

“Mdogo, unachokisikia mwilini nakijua. Kilinianza nikiwa na umri wako: mabega, kisha kiuno, kisha mikono, kisha mwili mzima, kama mtu aliyeshushwa kutoka kwenye lori kwa kurushwa, na hata nilale kutwa niliamka nimechoka vilevile. Nilipimwa damu mpaka nikadhani wanaipeleka mahali. Nikapigwa picha za mifupa. Kila mmoja akaniambia, baba, huna kitu. Mmoja akasema ni mawazo tu, niache kuwaza; nikatoka pale nikiwaza zaidi. Mpaka alipopita daktari mgeni, mama mmoja mpole, akanibonyeza huku na huku, akaniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza, akasema inaitwa fibromyalgia, haionekani kwenye picha, haiui, lakini pia haiondoki. Nikamwuliza dawa. Akasema zipo za kupunguza, ila si hapa, na mtaalamu wake yuko mbali. Marehemu mama yenu alicheka njia nzima: ‘Angalau sasa unajua unamtukana nani.’ Ndipo tukaipa jina la Shemeji, kwa kuwa inakuja bila taarifa, na ukiinunia inakaa zaidi.

“Sasa shika hili, maana huu ndio urithi wenyewe, mkasi ni nyongeza. Siku mbaya hazina hila. Zinakuja, unazijua, unaweka kitambaa cha moto kiunoni, unapumzika. Adui ni siku nzuri. Ukiamka hakuna kinachouma, utataka kuvua makochi ya mtaa mzima, uyavalishe upya, upige misumari yote na ufagie hadi juu ya paa. Siku moja nzuri nilimaliza seti nzima ya mwanasheria huku naimba; wiki iliyofuata mkono haukuweza kushika kijiko, na wateja wengine wakanibandika jina la Fundi Kesho. Basi nikajifunza kuacha kazi ningali na nguvu. Si pale inapouma, kabla. Nikivua kitambaa, nakaa nashona mito. Nikigonga nyundo kidogo, naizunguka karakana taratibu, mpaka wateja wakadhani kila siku napoteza kitu. Hata ukiumwa, tembea, japo kidogo, maana ukilala moja kwa moja Shemeji anatandika kitanda chake kabisa. Mteja akiuliza lini, taja siku ya mbali, kisha umalize mapema, atakupenda. Kochi usibebe. Kochi hubebwa na mwenye kochi.

“Na yule mwuza mizizi wa sokoni, anayeponya kuanzia jino mpaka mapenzi, mpite. Mimi nilikunywa mizizi yake. Nilichopata ni kuhara, na maumivu yakabaki palepale yananitazama. Ila zahanati usiikatie tamaa: likitokea jipya, homa, kukonda, mguu kufa ganzi, nenda. Usimsingizie Shemeji kila kitu.

“Mkubwa, acha kutazama dirishani, zamu yako imefika. Nimekusikia ukimwambia dada yako ajikaze kisabuni. Umewahi kuona sabuni iliyojikaza ikabaki? Inaisha. Sisemi huna upendo, mwanangu. Wewe ukiumia panavimba, watu wanaona, wanakupa pole. Kwake hapavimbi. Mimi hukuniambia nijikaze hata siku moja, kwa sababu ni baba yako. Yeye anaumwa ugonjwa uleule.

“Ngojeni... nipeni maji. Si hayo, hayo ya moto ni ya kukanda mkono. Ahsante.

“Mdogo, ukishindwa kabisa, funga karakana. Sitakulaani, nitakuwa nimelala. Lakini usiifunge kwa ajili ya midomo ya watu... wala ya kaka yako. Mnizike asubuhi, kabla ya jua kali. Hotuba fupi. Na watu wakae... isije ikasemwa fundi viti alizikwa na watu waliosimama. Cheka, Mdogo, nimekuona.

“Mungu awape mikono isiyokosa kazi... na usingizi unaopumzisha. Mpendane mchana, watu wakiwaona, na ndani pia. Basi. Nimechoka... vizuri tu, lakini nimechoka.”

Akafumba macho. Alifariki Jumapili alasiri, binti yake akiwa amemshika mkono, na akazikwa Jumatatu asubuhi.

Jumatano Mdogo alifungua karakana na kuanza kuvua kitambaa cha kochi la mwalimu mmoja. Kaka yake alipita kabla ya safari. Alizima injini ya lori, akaingia, akasimama katikati ya sponji na vitambaa chakavu.

“Leo inauma wapi?” aliuliza.

Hakuwa amewahi kuuliza. Mdogo aliweka chini koleo la kung'olea misumari, akaanza na shingo. Mkubwa akavuta kigoda, akakaa.